Alamu ya wezi ya kujisimamia mwenyewe, bila kampuni ya kulipia kila mwezi: nichukue ipi?

Msafiri_Mwepesi

Wakuu habari zenu. Naomba mawazo ya waliokwisha pita hii njia maana nimesoma mpaka kichwa kinauma na kila ninaposoma naongezewa utata. Nataka kufunga alamu ya wezi nyumbani, ila sitaki ile ya kampuni ambayo kuna watu wamekaa mahali wanaangalia skrini na wewe unawalipa kila mwezi, nataka ile ya kujisimamia, ikilia taarifa inakuja kwenye simu yangu halafu mimi ndo naamua nampigia nani.

Nyumba ni ya chini, vyumba vitatu, mlango wa mbele na wa jikoni, madirisha ya nyuma yapo upande ambao jirani haoni kitu. Tunaishi mimi, mke, watoto wawili na paka asiye na adabu anayepanda mpaka juu ya kabati. Kazi yangu ni safari safari, kuna wiki sipo kabisa.

Mpaka sasa nipo njia panda. Kuna zile seti za paneli unayoweka laini ya simu, ikilia inakupigia na kukutumia meseji, hizi zinanivutia kwa sababu hazina longolongo la intaneti. Kuna za kisasa, boksi kuu linaunganishwa na ruta na unapewa apu nzuri nzuri. Halafu kuna rafiki yangu anasema hayo yote mbwembwe tu, funga kamera nne za waifai zinazotuma taarifa zikiona mtu, kazi imeisha. Nitafunga mwenyewe, nyaya kidogo naziweza lakini sitaki kuchimba kuta. Umeme hukatika mara moja moja na intaneti ikikata inakata kweli. Nianzie wapi, na ni mambo gani muuzaji hataniambia?

Kufuli_Kuukuu

Mkuu kabla hujachagua boksi chagua watu. Hapo ndipo wengi wanaanza kinyume, wanalinganisha sensa (vile vifaa vya kuhisi mlango au mtu) na apu wiki nzima halafu swali la nani atapokea simu saa tisa usiku wanaliacha lijijibu lenyewe.

Kile ambacho watu wanailipa kampuni kila mwezi kwa kweli siyo vifaa, ni mtu aliye macho. Ukiiondoa kampuni ile kazi haijaondoka, imehamia kwako. Sasa wewe mwenyewe umesema kuna wiki haupo. Uko kwenye ndege, simu imezimwa, alamu inalia nyumbani, nani anajua? Na akishajua, nani anaweza kufika pale au angalau kuchungulia ndani ya dakika chache? Kama jibu ni "nitaona nikitua" basi hata ununue mfumo wa bei ya gari utakuwa umenunua king'ora tu. Tafuta angalau watu watatu, wewe, mkeo na mtu mmoja anayekaa karibu ambaye mmeelewana kabisa kwamba akipigiwa afanye nini, na kwa usalama wake aangalie kwa mbali apige simu polisi, asiingie ndani kwenda kupambana na mtu asiyemjua ameshika nini.

Ukishapata hao watu, ndo sasa unauliza mfumo gani unaweza kuwafikia wote. Angalia kama apu inaruhusu watumiaji wengi kila mmoja na akaunti yake, siyo mnapeana paswedi moja. Kwa paneli za laini angalia inapiga namba ngapi na inapigaje, nyingi hupiga namba ya kwanza, isipopokelewa inaenda ya pili, ya tatu. Sasa kuna kitu kidogo hapo muuzaji hakwambii, baadhi ya paneli simu ikidakwa na ile huduma ya kuacha ujumbe wa sauti zenyewe zinahesabu imepokelewa, zinaacha kupiga. Kwa hiyo ama uzime ujumbe wa sauti kwenye namba zote ulizoweka, ama uchukue paneli inayotaka mpokeaji abonyeze namba kuthibitisha kwamba kweli ni mtu.

Kuhusu njia ya taarifa, usikae na moja. Kwa hali uliyoeleza ya umeme na intaneti mimi ningechukua boksi kuu lenye vyote viwili, linatumia ruta likiwa nayo, ikikata linahamia kwenye laini lenyewe. Yapo mengi siku hizi na mengine hayadai malipo ya mwezi zaidi ya kifurushi cha laini yako. Ila soma vizuri, kuna ambayo laini ya akiba inafanya kazi ukilipia mpango wao tu, usipolipia unabaki na waifai peke yake.

Na hizo paneli za bei rahisi za laini, uliza zinatumia mtandao gani. Nyingi ni za 2G. Mitandao ya 2G na 3G inazimwa moja baada ya nyingine duniani, Marekani kampuni ya simu ya AT&T walizima 2G mwanzoni mwa 2017 na 3G Februari 2022, na alamu za watu zilizokuwa zinategemea hizo zikabaki hazina pa kupigia. Chukua ya 4G, hata kama ni ghali kidogo.

Jicho_Kali

Mi nipo upande wa rafiki yako. Kamera za kisasa zinatofautisha mtu na paka, zina spika unaweza kumfokea mwizi ukiwa popote, na unapata picha. Sensa ya mlango inakwambia "mlango umefunguliwa", haya, nani kafungua? Mke? Upepo? Unaanza kupiga simu nyumba nzima. Kamera unaangalia unajua. Kwa nini ununue vitu ishirini vya kubadilisha betri wakati vinne vinatosha?

Kufuli_Kuukuu

@Jicho_Kali hoja ya kuthibitisha nakubaliana nayo mia kwa mia, na ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Ukipiga polisi ukasema "alamu yangu inalia" na ukipiga ukasema "namwona mtu sebuleni kwangu sasa hivi" hizo ni simu mbili tofauti kabisa. Kuna sehemu imeshakuwa sheria, Salt Lake City kule Marekani tangu 2000 polisi hawaendi kwenye alamu ya wezi mpaka kuwe na mtu aliyeshuhudia, kwa sababu alamu za uongo zilikuwa zinawamaliza. Kwa hiyo kamera moja ndani, inayotazama pale ambapo mtu lazima apite, ndiyo, aweke.

Ila kamera peke yake hapana. Kamera inaona, haizuii mtu kuendelea. Ya waifai ruta ikizimika haina pa kupeleka taarifa. Akija kafunika uso una video nzuri ya kofia. Na dirisha la nyuma likifunguliwa kwenye chumba kisicho na kamera, ndo basi tena. Sensa ya mlango inalia mtu akiwa bado mlangoni, kamera ya sebuleni inamwona akiwa keshaingia.

Fundi_Nyaya

Nimefunga hivi vitu miaka na miaka, vya waya na visivyo na waya, ngoja niongelee vifaa maana huko ndo hela inapopotea.

Msingi wa nyumba ya namna yako ni sensa za sumaku kwenye milango na madirisha yanayofunguka, halafu sensa za mwendo mbili tatu ndani kama mtego wa pili. Usianze na sensa za mwendo. Sensa ya mwendo inafanya kazi mtu akiwa tayari ndani, na usiku mkiwa mmelala huwezi kuitega sehemu mnazopita, wakati sensa za milango unategea hata mkiwa nyumbani.

Sensa ya sumaku ni kitu rahisi kabisa, ndani kuna swichi ndogo ya vyuma viwili ndani ya kioo, sumaku ikiwa karibu vimegusana, ikisogea vinaachana. Lakini kama mlango wako ni wa chuma, chuma kinanyonya nguvu ya sumaku, utaona siku nyingine inakwambia mlango uko wazi wakati umefungwa. Weka kipande cha plastiki cha unene wa sentimeta moja hivi chini ya sumaku na chini ya sensa, au nunua zile zilizotengenezwa kwa milango ya chuma. Nafasi kati ya sumaku na sensa ukiiacha kubwa, mlango ukichezacheza na upepo alamu inalia. Jaribu kabla ya kubandika, shika na mkono, sogeza taratibu uone inaachia wapi, halafu ndo ubandike. Na sehemu ya kubandika ifute kwa spiriti kwanza, vumbi na mafuta ya jikoni ndo yanazidondosha.

Sasa sensa ya mwendo. Ile haioni mwendo kama kamera, inahisi joto linalohama kutoka kipande kimoja cha eneo lake kwenda kingine. Mambo matatu yanatoka hapo. Kwanza, inamkamata vizuri mtu anayekatiza mbele yake kuliko anayeijia moja kwa moja, kwa hiyo iweke pembeni ambapo mtu akitoka dirishani kwenda koridoni atakatiza. Urefu mita 2.1 mpaka 2.4 kutoka sakafuni ndo unaopendekezwa na watengenezaji wengi, na nyingi zinafika mita 10 hadi 12. Pili, haipenyi kioo cha kawaida, usije ukaiweka ndani ikitazama dirishani ukidhani italinda nje. Lakini jua likiingia dirishani likaipiga moja kwa moja au likapasha zulia mbele yake, inaweza kulia. Tatu, chumba kikiwa na joto linalokaribia la mwili wa mtu, digrii 35 kwenda juu, uwezo wake unashuka kwa sababu tofauti anayoitafuta haipo. Nzuri zina marekebisho ya joto ndani yake.

Paka. Boksi litaandikwa haijali mnyama mpaka kilo 20 au 25, na wewe utasema paka wangu ana kilo nne, nimepona. Hujapona. Nyingi ya hizo sensa zinafanya hivyo kwa kutotazama sana eneo la chini karibu na sakafu. Paka akiwa sakafuni sawa. Akipanda juu ya kabati amefika kwenye eneo ambalo sensa inategemea kuona mtu, na akiwa karibu nayo anaonekana mkubwa. Kwa hiyo ama sensa isitazame kabati wala migongo ya makochi, ama chumba anachoshinda paka usiweke kabisa sensa ya mwendo, weka za madirisha. Pia usiigeuze ielekee chini ili "ione vizuri", umeshaua hiyo kazi ya kutojali mnyama.

King'ora. Watu wanaangalia 110 dB (desibeli, kipimo cha ukubwa wa sauti) wanafurahi. Hiyo namba kwa kawaida inapimwa mita moja. Sauti sehemu ya wazi inashuka kama 6 dB kila umbali ukiongezeka mara mbili, kwa hiyo ukiwa mita 32 imebaki kama 80, na hapo bado hujaweka ukuta na dirisha lililofungwa la jirani anayekoroma. Kile kiking'ora kidogo kilichomo ndani ya boksi kuu kinamwonyesha mwizi boksi lilipo, basi. Weka kimoja ndani sehemu ya katikati, kelele za ndani zinamkosesha mtu raha ya kupekua, na kimoja nje chenye taa ya kumulika.

La mwisho na ndo linaloniudhi. Zile seti za bei rahisi sana zenye sensa nyingi kwenye boksi moja, nyingi zinatumia masafa ya 433 MHz na kodi isiyobadilika. Yaani rimoti yako inatuma namba ile ile kila siku. Mtu mwenye kifaa cha kunakili rimoti, na vinauzwa hadharani, akiipata mara moja anategua alamu yako kama wewe. Tena siyo za bei rahisi tu, mwaka 2016 watafiti wa kampuni ya usalama wa kompyuta ya IOActive walionyesha kwamba mfumo wa alamu wa SimpliSafe wa wakati ule ungeweza kurekodiwa ukiteguliwa halafu ile rekodi ikarudishwa, na ukateguka. Na sensa za namna hiyo zinatuma upande mmoja tu, zinarusha na kuomba Mungu, boksi halijui sensa ikifa au ikizibwa mawimbi. Tafuta inayosema mawasiliano ya pande mbili, yamesimbwa (mtu akiyadaka hayaelewi), na sensa inaripoti kila baada ya muda kwamba ipo hai. Ukiona imepimwa kwa EN 50131 daraja la 2 ni dalili nzuri, ila pande mbili na kusimbwa bado uliza, hicho ni kiwango cha Ulaya cha alamu, madaraja ni manne na la 2 linatosha nyumba nyingi za kawaida.

MamaPacha

Naona mnamjibu kama anaishi peke yake 😂 Kaka Msafiri, wewe wiki nzima haupo, anayeishi na hiyo alamu ni mkeo na watoto. Ikimsumbua ataizima wiki ya kwanza na hataitega tena, na wala hatakwambia.

Kwetu mume wangu naye ni wa safari, kwa hiyo nasema ninachokijua. Kwanza kuwe na kibao cha namba mlangoni, siyo kila kitu kwenye apu. Nimebeba mtoto, mfuko, mwavuli, nianze kutafuta simu nifungue apu isubiri mtandao na huku king'ora kinahesabu? Kibao au rimoti ya kwenye funguo. Muda wa kuingia kabla haijalia uwe sekunde 30 hivi kwa mlango wa mbele tu, mlango wa jikoni na madirisha yalie papo hapo. Usiongeze ukawa dakika nzima kwa kuona huruma, dakika nzima mtu kashachukua laptopu kaondoka.

Pili hakikisha ina hali mbili za kutega, ya tumetoka wote na ya tupo ndani tumelala. Hii ya pili ndo utaitumia zaidi. Inatega milango na madirisha, sensa za mwendo inaziacha, watoto waende chooni kwa amani. Kama kuna chumba cha mbele ambacho usiku hakiingiwi kinaweza kuingizwa humo.

Tatu kitufe cha dharura karibu na kitanda. Mkeo akisikia kitu dirishani asisubiri sensa iamue. Kiwe kinafanya kazi hata alamu haijategwa.

Na kila mtu na kodi yake, yaani namba yake ya siri ya kibao, msaidizi wa nyumbani yake, ndugu anayekuja kulisha paka yake, ukiona kodi ya fulani imetegua saa nane mchana unajua ni nani, akiondoka unafuta yake tu. Kuna mifumo ina kodi ya kulazimishwa, ukiiingiza alamu inateguka kama kawaida kumbe kimya kimya imetuma ujumbe. Waulize kama wanayo.

Halafu mkae chini mkubaliane ikilia usiku mkiwa ndani nani anafanya nini. Sisi tunaingia wote chumba kimoja, mlango unafungwa, simu inapigwa. Hakuna wa kwenda kuchungulia.

seva_ya_chumbani

Naongezea upande ambao haujaguswa, ile apu inaishi wapi. Mifumo mingi ya boksi na apu, ukibonyeza "tega" ukiwa umekaa sebuleni, amri inasafiri mpaka kwenye seva za kampuni huko iliko halafu inarudi kwenye boksi mita tatu kutoka ulipo. Kampuni ikichoka biashara, umebaki na plastiki. Siyo nadharia. Duka la Lowe's la Marekani walifunga Iris, mfumo wao wa vifaa vya nyumbani, Machi 2019. Insteon, mfumo mwingine wa namna hiyo, Aprili 2022 seva zilizima bila hata kuaga, mpaka baadaye baadhi ya watumiaji wakainunua wakaiwasha tena. Nest Secure, alamu ya Google, ilitoka 2017, ikaacha kuuzwa 2020 na ilipofika Aprili 2024 ikazimwa. Kwa hiyo swali la dukani ni hili: intaneti ikikata, au kampuni ikifa, sensa bado inaliza king'ora? Naweza kutega na kutegua kwa kibao? Laini bado inanipigia? Kama jibu la yote ni hapana, weka chini ondoka.

Mimi natumia Home Assistant, programu ya kusimamia vifaa vya nyumbani, kwenye kompyuta ndogo, kila kitu kinaishi ndani ya nyumba. Ni raha lakini siwezi kukushauri wewe, mfumo wa mtu anayesafiri hautakiwi kuwa na mtu mmoja tu anayejua kuurekebisha na mtu huyo yuko uwanja wa ndege.

Sasa simu yenyewe. Hapa ndo alamu nyingi za kujisimamia zinakufa kimya kimya. Simu nyingi za Android zina kitu cha kubana matumizi ya betri, apu usiyoifungua siku kadhaa inalazwa, na apu ya alamu ni apu ambayo ukibahatika hutaifungua miezi. Ingia kwenye mipangilio uitoe kwenye ubanaji huo, kwenye simu zenu wote. Kisha iruhusu ipite hata simu ikiwa kwenye hali ya usinisumbue. iPhone tangu iOS 12 ya 2018 ina tahadhari za dharura zinazolia hata simu ikiwa kimya, lakini mtengeneza apu lazima awe ameomba ruhusa Apple, kwa hiyo uliza kama apu yao inayo. Ndo maana mimi naipenda simu ya kawaida inayolia kuliko notifikesheni. Notifikesheni inakuja na kamlio kale kale ka kikundi cha familia. Namba ya paneli iweke kwenye majina pendwa, iruhusu ipite muda wote, ipe mlio wake peke yake.

Paswedi: badilisha za kiwandani siku hiyo hiyo, kamera hasa. Mirai, programu hasidi ya 2016, iliteka kamera na ruta duniani kwa kujaribu tu paswedi za kiwandani. Washa uthibitisho wa hatua mbili kwenye akaunti. Alamu ambayo mtu anaweza kuitegua kwa paswedi yako ya barua pepe ya zamani iliyovuja siyo alamu. Kamera ya ndani itazame mlango na koridoni, siyo vyumba vya kulala.

Msafiri_Mwepesi

Aisee asanteni sana, nimejifunza zaidi ya wiki nzima ya kusoma. Hapo kwa @MamaPacha nimesomeshwa mbele za watu na nimekubali, mke kasoma anacheka, kadai kitufe cha dharura kiwe upande wake wa kitanda.

Kwa hiyo naona naelekea boksi lenye ruta na laini ya 4G, mawasiliano pande mbili, sensa za sumaku milango yote miwili na madirisha ya nyuma kwanza, sensa ya mwendo moja koridoni ambako hakuna kabati, kamera moja ya ndani, ving'ora viwili. Shemeji yangu anayekaa mtaa wa pili kakubali kuwa namba ya tatu. Maswali yaliyobaki: boksi kuu niliweke wapi, umeme ukikatika usiku kucha itakuwaje, na madirisha yangu mawili hayafunguki kabisa ni kioo tu, sensa ya sumaku itafaa nini pale?

Fundi_Nyaya

Kioo kisichofunguka sumaku haina kazi. Una njia mbili, sensa ya kusikia kioo kikivunjika, inabandikwa darini au ukutani ikitazama kioo na moja inaweza kuhudumia madirisha yote ya chumba kimoja, au sensa ya mtikisiko inayobandikwa kwenye kioo au fremu yenyewe. Ya kusikia mapazia mazito yanaimezea sauti, na jikoni sufuria zikidondoka inaweza kuchanganyikiwa. Koridoni kwako sensa ya mwendo ipo, kwa hiyo hata ukiacha haya mawili kwa sasa mtu akivunja akatoka chumbani anakamatwa, kasoro usiku mkiwa mmelala maana hiyo ya koridoni itakuwa imeachwa. Ndo maana mimi ningeweka za kioo kabla ya kamera.

Boksi kuu usiweke karibu na mlango wa kuingilia, mtu ana zile sekunde 30 za kuingia, akiliona analing'oa na nyundo kabla halijamaliza. Baadhi ya mifumo inatuma taarifa ya tahadhari mapema, mlango ukifunguka tu seva inaanza kusubiri, boksi likinyamaza bila kuteguliwa inahesabu ni uvamizi. Hiyo ni nzuri ukiipata. Weka katikati ya nyumba, juu, isiwe ndani ya kabati la chuma, wala juu ya friji, na siyo imelaliana na ruta, waachanishe mita moja hivi. Kabla ya kupigilia misumari zunguka na kila sensa pale itakapokaa, apu nyingi zinaonyesha nguvu ya mawimbi, fanya milango ikiwa imefungwa.

Umeme: boksi lenyewe litakuwa na betri ndani, daraja la 2 la kile kiwango nilichotaja linataka masaa 12 na mengi yanatangaza zaidi ya hapo. Shida haiwi boksi, inakuwa ruta, umeme ukikatika ruta inakufa hapo hapo. Laini itashika zamu, lakini ukiweka UPS ndogo (betri ya akiba) ya ruta utapata na kamera pia kama inakula umeme mdogo. Na washa ile taarifa ya "umeme umekatika", siyo kuipuuza, mtu anayejua kazi yake anaweza kuanzia kwenye swichi kuu ya nje.

Jicho_Kali

Sawa nimeshindwa kwa wingi wa kura 😅 ila kamera ya nje baadaye aongeze. Swali dogo kwa fundi, kibandiko cha "nyumba hii ina alamu" kinasaidia au kinamwambia mwizi ajiandae?

Fundi_Nyaya

Kiweke, mwizi wa kawaida anatafuta nyumba rahisi. Ila kisitaje aina ya mfumo wala modeli, andika ina alamu inatosha, usimpe kazi ya nyumbani ya kwenda kusoma udhaifu wake.

Kufuli_Kuukuu

Msafiri, moja la kufanyia kazi ukishafunga. Jaribio lako lisiwe la kufungua mlango uone kama king'ora kinalia. Waambie majirani kwanza, kisha chomoa ruta, zima umeme kwenye swichi kuu, tega, toka, mwambie mtu afungue dirisha la nyuma. Wewe uwe mbali na nyumba, simu iko kimya mfukoni, shemeji asiambiwe siku. Hapo ndo utajua nani kapigiwa, baada ya muda gani, na kafanya nini. Rudia kila mwezi kwa njia fupi, na kila ukibadilisha simu, maana simu mpya inakuja na ubanaji wake wa betri na ruhusa zote zimerudi mwanzo.

MamaPacha

Na betri za sensa jamani. Apu itasema imebaki asilimia kadhaa, msisubiri. Nyingine zinatumia CR2032, nyingine CR123A, nunua za akiba uziweke droo moja na mkeo ajue droo ipi. Sensa moja ikianza kulia lia usiku kwa sababu ya betri nyumba nzima itaichukia alamu yako.

Msafiri_Mwepesi

Imepokelewa. Jaribio la ruta na umeme nalifanya nikiwa safari ijayo ili liwe la kweli. @Fundi_Nyaya king'ora cha nje nikiweke upande wa mbele au wa nyuma? Nyuma ndo pa hatari lakini hakuna anayeona.

Fundi_Nyaya

Mbele. Cha nje hakimlengi mwizi, kinalenga majirani na wapita njia, wakisikia wageuke waone taa inamulika nyumba ipi. Juu kabisa ambapo mtu hafiki bila ngazi, chenye swichi ya ndani inayolia kikibanduliwa ukutani na betri yake chenyewe. Kiseti kijizime baada ya dakika tatu nne, kikilia usiku kucha na haupo, siku ya pili majirani watakikata wenyewe.